Visiwa Vitano kwa Miguu: Safari ya Meli Kusini mwa Karibi

Kabla ya kuondoka

Ukienda kwa wakala kutafuta safari ya meli ya kitalii huko Karibi, atakuonyesha meli kwanza. Mabwawa, migahawa, ukumbi wa maonyesho, na lile bomba la kuteleza lililozungushwa sitaha ya juu. Mimi na wifi yangu tulimwomba aweke picha kando atupe ratiba: bandari zipi, meli inafika saa ngapi, inang'oa nanga saa ngapi. Wifi ni mtu wa masoko, makaburi ya kale na ngoma. Mimi nikikalishwa ufukweni nusu saa, macho yananihamia kwenye mlima ulio nyuma. Watu wa namna yetu meli wanaihitaji kwa kulala na kuvuka tu. Pesa yao inanunua saa za kuwa nchi kavu.

Njia za meli huko hugawanywa tatu. Ya magharibi huanzia Florida au Texas na kugusa Cozumel upande wa Meksiko, Grand Cayman, Jamaika, pengine Belize. Ya mashariki hupita Bahamas, St. Thomas na St. Maarten, na mara nyingi huweka siku nzima kwenye kisiwa cha kampuni ya meli yenyewe: mchanga mweupe na viti vya kulalia, lakini hakuna mji, soko, shule wala kaburi la mtu. Ya kusini hushuka na safu ya visiwa vidogo kutoka St. Kitts hadi Grenada. Sidharau ya magharibi. Anayetaka magofu ya Wamaya ni huko huko, ingawa Cozumel ni kisiwa na magofu makubwa yako bara, kwa hiyo sehemu nzuri ya siku huishia kwenye feri na basi. Sisi tulitaka milima inayopandika kati ya asubuhi na jioni, na historia unayoifikia kwa miguu kutoka gatini. Kwa hayo, kusini hakuna mpinzani.

La pili ni mahali pa kuanzia. Meli inayotoka Miami kwenda kusini hula karibu siku mbili baharini kabla ya kisiwa cha maana, na nyingine kama hizo kurudi. Inayotoka San Juan, Puerto Rico, iko mlangoni tayari: unalala, unaamka kisiwani. Nauli ya ndege ilituzidi kidogo, ila angalau hatukulipia siku za kutazama maji.

Wifi alitaka sana St. Lucia, kisiwa chenye watu wasiofika laki mbili kilichotoa washindi wawili wa Nobel, Arthur Lewis mwaka 1979 na Derek Walcott mwaka 1992. Mimi nami nilikuwa na hamu ya Gros Piton, mlima unaokaribia mita 800 ukiota moja kwa moja kutoka baharini. Tukaitazama ratiba vizuri. Meli ilikuwa inafunga Castries, mlima uko Soufrière, zaidi ya saa moja ya barabara ya kona tupu, na kupanda na kushuka kunataka saa nne au tano. Meli ilikuwa inakaa saa saba. Hesabu ikakataa, tukachukua ratiba iliyoipa Dominica saa kumi na Grenada karibu hizo hizo.

Neno moja la karatasi kwa wenzangu wenye pasipoti za Afrika Mashariki. Puerto Rico ni ardhi ya Marekani, na ukitoka na meli kisha ukarudi San Juan unahesabiwa umeingia upya. Kwa hiyo viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Martinique ni Ufaransa, lakini haimo katika eneo la Schengen, na viza ya Schengen ya kawaida haikupi haki ya huko hivi hivi. Wifi, aliyetoka Dar, alilifuatilia hilo miezi kabla ya kulipa senti moja. Na msimu wa vimbunga ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba. Sisi tulikwenda Aprili, wakati wa kiangazi chao.

Jumamosi, San Juan

Tulifika siku moja kabla ya meli. Ndege ikichelewa meli haikungoji, na hata bila hivyo San Juan ya kale inastahili siku yake. Barabara zake zimetandikwa matofali ya rangi ya buluu iliyofifia, yanateleza yakilowa, na mji wote unazungukika kwa viatu vya kawaida.

Waispania walianza kujenga El Morro mwaka 1539 kuulinda mlango wa bandari. San Cristóbal, inayotazama upande wa nchi kavu, ndiyo ngome kubwa kuliko zote walizojenga Amerika. Tulitembea kutoka moja hadi nyingine kando ya ukuta, Atlantiki ikipiga chini na mtaa wa La Perla umejibanza kati ya ukuta na maji. Mbele ya El Morro kuna uwanja mpana wa majani, uliachwa wazi ili adui asipate pa kujificha. Siku hizi familia hurusha vishada hapo. Mchana tulikula mofongo, ndizi mbichi zilizokaangwa kisha zikatwangwa kinuni na vitunguu saumu. Kwa kawaida hutiwa mafuta na ngozi ya nguruwe, kwa hiyo uliza kwanza; sisi tuliletewa ya kamba.

Jioni tulikwenda mtaa wa Santurce kutazama bomba. Hii ni ngoma iliyozaliwa mashambani mwa miwa, miongoni mwa Waafrika waliotumikishwa hadi utumwa ulipokomeshwa Puerto Rico mwaka 1873. Ngoma zenyewe ni mapipa yaliyowambwa ngozi ya mbuzi. Moja au zaidi hushikilia mwendo, na moja ndogo, primo, humjibu mchezaji. Katika ngoma nyingi nilizozoea mchezaji humfuata mpigaji. Hapa mambo yamegeuzwa. Mama mmoja wa makamo, viatu bapa, sketi pana, alisogea mbele ya primo akainama kidogo kuisalimu. Akavuta pindo la sketi kwa mkono wa kulia, ngoma ikalia. Akatikisa bega, ngoma ikatetemeka. Akasimama ghafla, ikanyamaza. Mpigaji hakupepesa macho. Jasho lilimshuka hadi kidevuni asilifute, maana mkono ukitoka kwenye ngozi tu, mama amempita. Wifi alinishika mkono akasema, "Huyu anampigisha mtu ngoma kwa makusudi!" Walipobadilishana, kijana aliyefuata alikuwa na vishindo vingi kuliko yule mama, lakini hakuwa na ule ujanja wa kunyamaza.

Jumapili, kupanda meli

Foleni, picha, foleni, zoezi la dharura. Usiku meli ilipita chini kabisa ya El Morro, na kutoka majini ndipo unapoelewa kwa nini Francis Drake, nahodha wa Kiingereza, alirudishwa nyuma hapa mwaka 1595: mlango ni mwembamba, ngome iko juu ya kichwa chako.

Kwenye dawati la ziara tulisikiliza, tukashukuru. Tofauti kubwa ni hii: ukinunua ziara ya meli ikachelewa, meli inakusubiri, ukienda kivyako ukachelewa, unaiona mgongo. Kwa hiyo tuliwekeana sharti kwamba popote tutakapokwenda mbali na gati, tuwe tumerudi saa moja na nusu kabla ya mlango kufungwa. Saa hazikutusumbua, kwa kuwa visiwa vyote vya ratiba yetu vinafuata saa moja na Puerto Rico wakati wote wa mwaka.

Jumatatu, St. Kitts

Gati la Basseterre linakumwaga kwenye maduka ya almasi na saa za mkononi, yale yale utakayoyakuta kila bandari. Yapite. Dakika chache mbele kuna Independence Square, bustani yenye chemchemi na kanisa pembeni, mahali ambapo zamani Waafrika waliuzwa.

Kuna Mlima Liamuiga, mita 1,156, volkano iliyolala yenye kreta ya kuchungulia, na miguu yangu iliutaka. Niliuacha kwa ajili ya kesho. Tulipanda basi dogo la wenyeji linalofuata barabara ya pwani, tukashuka chini ya Brimstone Hill, tukapanda wenyewe kwa miguu. Barabara ni fupi lakini imesimama, na jua la saa nne halina adabu. Teksi zilizojaa wenzetu wa melini zilitupita zikipiga honi za pole.

Ngome ile ilianza mwaka 1690 na ujenzi ukaendelea kwa takriban miaka 100. Ukiweka kiganja ukutani unahisi kila jiwe jeusi la volkano lilivyochongwa likabane na jirani yake. Kona ni kali hadi leo. Chokaa ilichomwa pale pale, kutoka mawe ya mlima huo huo. Waliochonga, waliobeba na waliochoma walikuwa watumwa wa Kiafrika, na nilifurahi kuona maelezo ya ndani yanalisema hilo wazi badala ya kusifia wahandisi wa Kiingereza peke yao. Mwaka 1782 Wafaransa wapatao 8,000 waliizingira mwezi mzima hadi ikasalimu amri. Mwaka uliofuata mkataba wa amani ukairudisha kwa Waingereza. Kutoka juu unaviona visiwa vya St. Eustatius na Saba vimeelea upande wa kaskazini-magharibi. Tumbili wamejaa, na wenyewe pia waliletwa kutoka Afrika Magharibi kwa meli. Mmoja alikuwa amekaa juu ya mzinga akila embe, hana habari na mtu.

Tukirudi tuliiona treni ikipita. Reli ilijengwa kati ya 1912 na 1926 kubeba miwa. Sekta ya sukari ilifungwa mwaka 2005, sasa reli inabeba watalii. Wifi aliipungia mkono tu.

Jumanne, Dominica

Ratiba yote tuliichagua kwa ajili ya siku hii.

Saa mbili kasorobo tulikuwa Roseau. Gati liko mbele ya mji kabisa. Unavuka barabara, unapita nyuma ya jumba la makumbusho, umefika Soko la Zamani, uwanja wa mawe ambako watumwa waliuzwa na leo wanauza vikapu. Tuliagana pale. Wifi alikuwa na dereva wa kumpeleka pwani ya mashariki kwa Wakalinago, mimi mwongozaji alinisubiri kunipeleka kijiji cha Laudat, njia ya kuelekea Boiling Lake, ziwa linalochemka.

Mwongozaji, kijana mfupi mwenye panga na begi la mayai, aliweka sharti kabla hatujaondoka: "Saa sita na nusu, popote tulipo, tunageuka." Nilimpenda hapo hapo. Kwenda na kurudi ni saa sita kwa mtu anayetembea vizuri, saba kwa anayepiga picha, na ndiyo maana nasema tazama saa za bandari kabla ya kutazama jina la kisiwa. Ratiba nyingine tuliyoonyeshwa ilikuwa inaondoka Roseau saa tisa mchana. Kwa ratiba ile ziwa hili lingebaki kwenye kadi ya posta.

Saa ya kwanza ni msitu. Ngazi zimetengenezwa kwa vigogo vya miti ya mfano wa mikangaga mirefu, zimelowa, na katikati ya ngazi na ngazi kuna tope la rangi ya kahawa. Juu ya vichwa vyetu kulikuwa na miti iliyosimama bila vilele, alama ya kimbunga Maria kilichokipiga kisiwa Septemba 2017. Tulijaza chupa kwenye Breakfast River, kisha njia ikasimama wima hadi Morne Nicholls, mahali pa juu kuliko pote njiani. Upepo ulikuwa na nguvu ya kukusukuma. Chini, ng'ambo ya bonde, moshi mweupe ulikuwa unapanda kutoka sehemu moja tu. "Lile pale," alisema, akaanza kushuka.

Ukishuka kule msitu unakwisha kama umekatwa kwa kisu. Hapa panaitwa Valley of Desolation, bonde la ukiwa: ardhi ya rangi ya njano, chungwa na kijivu, hakuna jani zaidi ya majani mafupi ya kung'ang'ania, na mvuke unafoka miguuni kwa sauti ya sufuria ya presha. Kijito kimoja kilikuwa cheusi, cha pili cheupe kama maji ya kuoshea mchele, na mahali fulani viwili vinakutana vikatembea bega kwa bega kabla ya kuchanganyika. Kanyaga pale anapokanyaga mwongozaji. Ganda la ardhi ni jembamba sehemu nyingine. Alitia mayai kwenye tundu la maji yanayotokota, tukaenda zetu, akasema tutayakuta tukirudi.

Ziwa lenyewe limekaa ndani ya bakuli la mwamba, upana wake kama mita 60. Upepo ulifunika kila kitu kwa mvuke, ukafunua, ukafunika. Ulipofunua niliona maji ya kijivu yenye ubuluu, na katikati yanainuka kwa nguvu, mbubujiko mmoja mkubwa usiokoma. Pembeni yamepimwa nyuzi 82 hadi 92 za Selsiasi. Kwa kweli ni tundu la mvuke wa volkano lililojaa maji ya mvua na vijito, na gesi inayopanda kutoka kwenye mwamba wa moto chini ndiyo inayoyachemsha. Mwishoni mwa 2004 lilikauka karibu lote, likarudi miezi kadhaa baadaye. Saa yangu ilisema saa sita kasoro dakika kumi. Tulikaa, tukala mkate, tukageuka. Mayai yalikuwa yameiva hadi kiini, yana harufu ya kiberiti, matamu.

Mwisho wa njia kuna Titou Gorge, mfereji mwembamba wa mwamba uliojaa maji baridi. Nilijitosa na nguo zangu zote za tope.

Wifi nilimkuta gatini anajipepea, kikapu kipya mkononi. Alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu. "Wifi yangu we! Ulikwenda kupanda mlima au kuchimba kisima?" Kisha hadithi ikaanza. Wakalinago ni wenyeji wa visiwa hivi kabla ya Columbus, na ekari 3,700 walizotengewa mwaka 1903 ni za jumuiya nzima; mtu hawezi kuuza kipande kwa mgeni. Alikaa na mama anayesuka vikapu kwa mwanzi mwembamba uitwao larouma, akajaribu mwenyewe, akaishia mistari mitatu. Alikula mkate wa muhogo uliochomwa kwenye bamba kubwa la chuma: muhogo unakunwa, unakamuliwa sumu yake, ungaunga unamwagwa juu ya bamba na kugandamizwa kwa ubao. Alinibakishia kipande kwenye leso. Nilikila kwenye ngazi ya meli.

Jumatano, Martinique

Miguu ilikuwa mizito, kwa hiyo siku ikawa ya wifi. Fort-de-France nayo gati liko mjini. Tulichukua teksi ya pamoja hadi Saint-Pierre, kilomita thelathini na kitu kaskazini. Rudi mapema, mchana usafiri huo huadimika.

Saint-Pierre ulikuwa mji wa biashara na anasa wa kisiwa hiki. Tarehe 8 Mei 1902, saa mbili na dakika mbili asubuhi, Mlima Pelée ulimwaga wingu la gesi na majivu ya moto, na kwa dakika chache karibu watu 28,000 walikufa. Ngazi pacha za jumba la michezo ya kuigiza bado zipo, zinapanda kwenda hewani. Nyuma yake kuna seli ya jela alimokuwa Cyparis, mmoja wa wachache waliopona, kwa sababu kuta zilikuwa nene na kitundu pekee cha hewa hakikutazama mlima. Baadaye sarakasi ya Barnum & Bailey ilizunguka naye ikimwonyesha watu. Wifi aliinama akaingia, akakaa kimya kidogo, akatoka. "Jela ndiyo iliyomwokoa, halafu walipomwachia wakamtia kwenye maonyesho," alisema. Mlima ulikuwa wazi siku ile, kijani kibichi hadi kileleni. Kuna njia ya kuupanda, na mwenye magoti mapya na siku nzima asiache.

Mjini tuliona Maktaba ya Schœlcher, jengo la chuma na vioo lililotengenezwa Paris likasafirishwa vipande vipande. Lakini waulize wenyeji nani aliwaletea uhuru, hawatakutajia Paris. Amri ya kukomesha utumwa ilitiwa saini huko tarehe 27 Aprili 1848, na kabla haijafika kisiwani watumwa waliasi tarehe 22 Mei, gavana akalazimika kutangaza uhuru kesho yake. Sikukuu ni ya hiyo 22 Mei, na siku hiyo hiyo mwaka 2020 vijana waliziangusha sanamu mbili za Victor Schœlcher, mwanasiasa wa Ufaransa aliyeisimamia amri ile. Mshairi Aimé Césaire alikuwa meya wa mji huu kutoka 1945 hadi 2001. Meya miaka 56! Wifi alidai hata kwetu hakuna aliyethubutu.

Alhamisi, Barbados

Kisiwa hiki hakina milima ya kutisha, na mpanda milima anaweza kukidharau. Mimi nasema kina basi. Nauli ni dola 3.50 za Barbados, sawa na dola 1.75 za Marekani, popote unapokwenda. Zile daladala zao nyeupe zenye namba za ZR zina muziki wa kutikisa vioo na makondakta wanaokupanga kama dagaa.

Tulishuka karibu na Newton, kwenye makaburi ya watumwa wa shamba la miwa. Ni mteremko wa majani tu. Watafiti waliochimba miaka ya 1970 wanakadiria watu wapatao 570 wamelala hapo. Mmoja alizikwa na mkufu uliomfanya aaminike kuwa alikuwa mganga: meno ya mbwa, pingili za mifupa ya samaki, kauri, na ushanga wa akiki. Kauri zile ni za Bahari ya Hindi, akiki inahusishwa na India. Sisi tuliokulia pwani tulicheza bao na kauri kama hizo, kwa hiyo tulisimama pale kuliko tulivyopanga.

Bridgetown tulikula cou-cou, unga wa mahindi uliosongwa na bamia, pamoja na samaki anayeruka. Sanamu ya Nelson, amirali wa Kiingereza, iliondolewa katikati ya mji Novemba 2020, na mwaka mmoja baadaye, 30 Novemba 2021, nchi ikawa jamhuri. Tulioga Carlisle Bay, tukarudi melini kwa miguu.

Ijumaa, Grenada

Meli inaingia St. George's na nyumba zimepangana kwenye vilima kuzunguka bandari. Kutoka gatini hadi sokoni ni dakika chache, na soko linakujia kwa pua kabla ya macho: mdalasini, tangawizi, bizari, na kungumanga kila meza. Mimi na wifi wote asili yetu ni Unguja, kwa hiyo hapa tulikuwa wakali wa bei. Muuzaji alipotueleza kungumanga ni nini, wifi alicheka hadi akakaa. Kwetu lina habari zake za harusini.

Basi dogo lilitupeleka Gouyave, kwenye kituo cha kuchambulia kungumanga, jengo la mbao la ghorofa. Kinamama wamekaa mbele ya magunia wakichambua kwa mkono, haraka, bila kutazama. Mbegu hukaushwa kwenye matandiko ya mbao, huvunjwa ganda, kisha hutiwa majini: inayozama ni nzito na yenye mafuta, inayoelea inapelekwa kwenye matumizi mengine. Basibasi, ule utando mwekundu, una chumba chake. Kungumanga limo hadi kwenye bendera ya nchi. Lakini Septemba 2004 kimbunga Ivan kiliangusha sehemu kubwa ya mikungumanga, na mti huo unataka miaka saba au zaidi kabla ya kuzaa vizuri, kwa hiyo vyumba vingine vilikuwa na nafasi ya kuchezea mpira.

Mchana nilipanda peke yangu Fort George. Tarehe 19 Oktoba 1983 Waziri Mkuu Maurice Bishop na wenzake walipigwa risasi katika uwanja wa ndani wa ngome hii, na siku sita baadaye majeshi ya Marekani yakaingia. Kuna kibao cha majina ukutani. Mzee mmoja aliyekuwa kivulini aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania. "Nyerere," alisema, akaanza kunihesabia marais wa enzi ile kwa vidole, hadi nikakumbuka saa.

Chakula cha mwisho kilikuwa oil down: shelisheli, majani ya magimbi, bizari ya manjano na tui la nazi, vinapikwa taratibu hadi tui linakauka na mafuta yanabaki chini ya chungu. Huwekwa mkia wa nguruwe. Tulitafuta mama aliyetumia samaki wa chumvi. Tuliomba ukoko pia.

Jumamosi, baharini

Kutoka Grenada kurudi San Juan ni mchana na usiku, na siku hii haiepukiki. Nilifua viatu.

Nikiulizwa na mwenye miguu na hamu kama zetu, nitamwambia achague kusini, aanzie San Juan au Bridgetown, na aisome ratiba kwa saa zake. Bandari yenye saa kumi inashinda bandari mbili za saa sita sita. Atazame ramani aone gati liko mjini au liko mbali na kile anachokifuata. Anayetoka Ulaya au Toronto ana ndege za moja kwa moja hadi Barbados, na akichukua meli isiyogusa Puerto Rico wala St. Thomas, na ndege isiyopitia Marekani, suala la viza ya Marekani linaondoka. Mwenye watoto wadogo au magoti mabovu asijilazimishe huku. Ya mashariki itamfaa, na bwawa la meli atalitumia.

Wifi ana wazo lake. Kuna feri za L'Express des Îles zinazounganisha Guadeloupe, Dominica, Martinique na St. Lucia. Anasema mwakani tuache meli kubwa kabisa, tulale Roseau usiku kadhaa, tuvuke kwa feri hadi Castries, na Gros Piton nipande nikiwa sina saa ya kuogopa. Nilimuuliza kuhusu mizigo yetu. Akaniambia nianze kupunguza viatu.

Jumapili, San Juan

Uhamiaji ulikwisha kabla ya saa tatu. Afisa aliuliza tumebeba chakula gani, wifi akatoa kungumanga moja moja akazipanga mezani, zote zimekauka na hazina ganda. Aliruhusiwa. Ndege yake ilikuwa saa nane, na njia nzima ya teksi alikuwa anatafuta kwenye simu nauli za feri.